Kioo cha Matone

Jumatatu, 3 Machi

Shemeji Mkataji,

Salamu. Barua hii anakuletea dereva wa boza la maji, yule mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Ndiye mtu pekee ambaye walinzi wa kizuizi cha kwenu na wa kizuizi cha kwetu wanampungia mkono apite, kwa sababu pande zote mbili zinakunywa maji. Amekubali kubeba barua zetu mfukoni na vioo nyuma ya kiti chake, alimradi vizungushiwe blanketi na visimpigie kelele njiani.

Basi tuendelee kama zamani: mimi napima, wewe unakata. Tofauti ni kwamba zamani nilikuwa nakutajia vipimo nikiwa juu ya ngazi na wewe unajifanya husikii. Sasa naviandika, huna pa kujificha. Meza iko kwako, vioo viko kwako, dada yangu yuko kwako. Mimi nimebaki na tepu na ngazi. Ukiangalia vizuri utaona nani alipunjwa.

Utaratibu ni uleule. Nakuandikia kipimo kamili, ukingo kwa ukingo. Ile nafasi ndogo ya kioo kupumua ndani ya fremu unapunguza wewe, sipunguzi mimi. Unaikumbuka nyumba ya mwalimu mkuu, tulipopunguza wote wawili? Vioo vilipita katikati ya fremu vikatua sebuleni, na mwalimu mkuu akatuuliza kama tulisoma.

Kazi ya wiki hii ni zahanati. Wanataka kioo cha matone kwa bafu na chumba cha sindano, kile chenye sura ya dirisha lililonyeshewa mvua, kinachopitisha mwanga na kumficha mtu. Vipimo viko nyuma ya karatasi.

Binti yangu Bibi Maswali anakusalimu, Bwana Shangazi. Bado anakuita hivyo, na bado anamuulizia shangazi yake kila asubuhi kabla hajanawa uso. Tangu shule zifungwe anashinda miguuni mwangu. Juzi kaniuliza kwa nini kioo kinaruhusu mwanga kupita na kinaukatalia upepo. Nikamwambia akuulize wewe, wewe ndiye unayekijua kioo.

Mimi ni mzima. Ila siku hizi sishtuki. Jana walipiga mawe duka la viatu, nikajikuta nahesabu madirisha kabla sijauliza kama kuna aliyeumia.

Shemeji yako,
Mpimaji


Alhamisi, 6 Machi

Mheshimiwa Mpimaji,

Vioo vya zahanati hivyo hapo. Dereva kalalamika kwamba blanketi letu linanuka. Mwambie ni la dada yako.

Mwambie Bibi Maswali kwamba upepo una fujo na mwanga una adabu, ndiyo maana mmoja hufungiwa na mwingine hufunguliwa. Akikuuliza nani aliamua, usinirudishie mimi. Shangazi yake kasoma barua yako akaenda kukaa uani peke yake. Alimbeba mtoto yule mgongoni tangu mama yake alipotutoka, akamfundisha kutembea hapa dukani akishikilia mguu wa meza yangu. Sasa wako umbali wa kusikiana wakipiga kelele, na hawawezi kuonana. 

Kazi ni nyingi. Aibu ninayo, lakini nakata. Tangu matokeo ya kura yatangazwe sijawahi kukaa bila kazi hata siku moja. Wenu wanavunja, wetu wanavunja, mimi nakata. Tunakula, tunalala, tunaamka. Redio tumeizima.

Jambo moja limekuwa jepesi. Unajua nilivyokuwa nateseka na mabaki, yale makona na vipande vyembamba vinavyosalia, hakuna jalala linaloyataka. Sasa Katibu wa kamati ya ulinzi ya mtaa anatuma watu na magunia, wanayazoa yote bure. Wanasema ni ya kupanga juu ya kuta, kuzuia wezi. Unamfahamu, yule aliyekuwa karani wa posta, mtu nadhifu, hufuta miguu kabla ya kuingia hata kama sakafu yangu ndiyo chafu kuliko viatu vyake. Kanipunguzia mzigo mkubwa.

Leta vipimo vingine.

Shemeji yako,
Mkataji


Ijumaa, 14 Machi

Mkataji,

Jumanne mkebe ulilipuka kwenye foleni ya mkate. Ndani yake walikuwa wamejaza vipande vya kioo. Mwokaji amekufa, na mama mmoja aliyekuwa mbele ya foleni. Wengine wako zahanati, wamelala hadi kwenye korido.

Niliitwa kupima madirisha, kwa kuwa mengine ya zahanati yalipasuka kwa kishindo. Muuguzi alikuwa ameweka beseni mezani, na ndani ya beseni vipande walivyovitoa kwenye miili ya watu. Alikuwa ameviosha, sijui kwa nini. Labda mikono yake ilihitaji kazi.

Nilisimama pale na tepu mkononi. Ni kioo cha matone. Nikachukua kipande kimoja nikakipeleka kwenye dirisha la bafu nililoliweka mwenyewe wiki iliyopita, nikakilinganisha. Matone ni yaleyale, rangi ya ukingo ni ileile, ile kijani ya kioo ulichoagiza mwaka jana ukalalamika kwamba kina kijani mno. Na upande mmoja umenyooka kwa mkato wa kisu cha almasi. Mkato wako naujua. Huwa unainua kisu mapema mwishoni, kona inabaki na jino.

Nimekiweka ndani ya kitambaa, kimo humu ndani ya bahasha. Angalia kisikukate.

Kuna mtoto mmoja wa hapa mtaani, kipande kimemwingia jichoni.

Niambie ulimpa nani.

Mpimaji


Jumapili, 16 Machi

Shemeji,

Umeniandikia bila salamu, kama polisi.

Kioo cha matone sikukianzisha mimi. Kinauzwa kila mahali, kila bafu la nchi hii linacho. Mafundi wanaoinua kisu mapema ni wengi, na nusu yao niliwafundisha mimi. Nimekwambia mabaki yanakwenda juu ya kuta. Katibu kaniambia hivyo kwa kinywa chake, na yule si mtu wa porojo.

Halafu mbona unaniuliza mimi peke yangu? Mwezi uliopita waliochoma gereji ya huku, mlinzi akiwa ndani, walitoka wapi? Nilikuandikia nikuulize petroli ilinunuliwa duka gani? Sikukuuliza. Nilijua huna mkono wako pale, nikanyamaza. Nilitegemea na wewe ungeninyamazia.

Namsikitikia huyo mtoto. Kweli namsikitikia. Lakini usiniwekee maiti mlangoni.

Kitambaa nimekifungua, nimekifunga tena. Dada yako sijamwonyesha.

Mkataji


Jumanne, 18 Machi

Mkataji,

Sina nguvu za kubishana.

Nahitaji kioo kimoja, cha matone. Huku hakuna tena fundi mwenye kioo, ndiyo maana nakuandikia wewe. Upana 64. Kimo upande wa kushoto 92, upande wa kulia 90 na nusu. Ni cha chumba cha mgonjwa, mwanga mkali unamuumiza, na giza nalo hataki.

Kikiwezekana, wiki hii.

Mpimaji


Alhamisi, 20 Machi

Kaka yangu,

Ni mimi. Mume wangu hajui kama naandika, au anajua na amegeukia pembeni. Yuko dukani, nimemuacha amekaa.

Jana alikuwa anakata kioo ulichoagiza. Nilimsikia akipima, kisha sikusikia kitu. Ule mkwaruzo wa kisu nimeuzoea kiasi kwamba ukikosekana naamka hata usingizini. Nikaenda kuangalia. Alikuwa amesimama na karatasi yako mkononi. Akaniuliza, "Kushoto tisini na mbili, kulia tisini na nusu. Ni nani anayejenga dirisha namna hiyo?"

Nikamjibu bila kufikiri. Nikamwambia, "Baba."

Kaka, mimi nililala chumba kile mpaka nilipoolewa. Baba aliujenga ukuta ule mwenyewe na hakuamini timazi, aliamini jicho lake, na mama akamcheka mpaka anaingia kaburini. Mji mzima hauna dirisha jingine lililoinama hivyo. Chumba hicho sasa ni cha nani? Ni cha Bibi Maswali. Umeandika "mgonjwa". Umeandika "mtoto mmoja wa hapa mtaani."

Mume wangu alitoa kitambaa mfukoni akakifungua juu ya meza. Ndipo nikaona kile kipande, na ndipo aliponisomea barua zako zote, hata ile ya foleni ya mkate. Alizisoma kwa sauti moja kutoka mwanzo mpaka mwisho, kama anasoma maelekezo ya dawa. Sikulia. Nilisubiri nilie, sikulia. Nikajikuta nakunja blanketi.

Niambie ukweli. Usinifiche kama mgeni.

Dada yako


Ijumaa, 21 Machi

Dada,

Ni yeye.

Nilimtuma mkate. Kila siku nakwenda mwenyewe, siku hiyo nilikuwa na ngazi begani nikamwambia, tangulia ukanishikie nafasi. Alifurahi kupewa kazi ya watu wazima.

Jicho la kulia limekwenda. La kushoto liko salama, muuguzi kasema. Usoni ana mishono midogo, itapona. Haongei sana. Yeye, haongei! Jana nzima hakuniuliza swali hata moja, nikawa nahangaika kutafuta mambo ya kumweleza bila kuulizwa, nikaona kumbe sijui kitu.

Utauliza kwa nini nilikuficha. Kwanza, nakujua. Ungekuja. Ungejifunga khanga kichwani ukaenda moja kwa moja kwenye mapipa ya kizuizi, na wale vijana wenye bunduki hawaulizi shangazi ni nani. Pili, mumeo. Nilijua ukisikia utamwacha, na sikutaka nyumba nyingine ivunjike kwa kioo kilekile. Sababu ya tatu ni mbaya zaidi. Nikilisema jina la mtoto ndani ya barua moja na jina la mumeo, itabidi nimchukie. Nimejaribu. Najikaza nimchukie kama watu wanavyojikaza kwenye mazoezi, haiji. Na kumpenda nako hakuji. Sina kitu. Nimekufa ganzi tangu Jumanne ile, mtu akinigusa bega nageuka kwa kuwa nimemuona, si kwa kuwa nimehisi.

Mwambie sihitaji maelezo yake. Nahitaji kioo. Mtoto anaweka mto usoni mchana kutwa.

Kaka yako


Jumatatu, 24 Machi

Shemeji,

Kioo hicho, kimo ndani ya mablanketi mawili. Nimekikata mara tatu. Cha kwanza na cha pili vilikatika vibaya. Hiki cha tatu hakina jino kwenye kona, unaweza kupitisha kidole.

Nitakueleza kilichotokea kwa ufupi, sina ufundi wa maneno.

Baada ya dada yako kumtaja baba yenu, nilitoka. Nilitembea mitaa yote ya huku nikiangalia juu ya kuta. Watu walinidhania nimerukwa na akili. Nilipita nyumba ya Katibu, nikapita za wajumbe wake, nikapita ghala na shule. Kuna kuta zenye chupa za zamani, kuna kuta zenye miba ya waya. Kioo changu hakipo juu ya ukuta wowote. Nilichokupa kwenye barua ile ya Jumapili ni ubishi mtupu. Mkato ule niliujua palepale nilipofungua kitambaa. Ni wangu.

Jumamosi walikuja na magunia, na safari hii Katibu mwenyewe alikuwa nao. Alifuta miguu. Nikamwambia mabaki hakuna tena, wala leo wala kesho.

Akaniuliza, "Umepata mnunuzi mwingine?"

Nikatoa kile kipande nikamwekea kwenye kiganja, nikamwambia, "Kifinye."

"Kitanikata, mzee."

"Hicho kimetoka kwenye jicho la mtoto aliyejifunza kutembea akishika mguu wa meza hii. Ulikuwa unampa peremende ukija kuleta barua. Yule wa maswali, aliyekuuliza stempu ina ladha gani ukaionja mbele yake."

Alikigeuza kiganjani. Kisha akasema pole, na nadhani alimaanisha. Halafu akaanza kunitajia watu wetu, shemeji. Mlinzi wa gereji. Yule mwanamke na mwanawe wa barabara ya reli. Kinyozi. Aliwataja mmoja mmoja, na wapi walikutwa, na katika hali gani. Ninachotaka ujue ni kwamba hakusema uongo hata mara moja. Ningefurahi kama angesema uongo. Nilimsikiliza mpaka mwisho, nikamwambia hata hivyo, hapana.

Akasema, "Vita si harusi, mzee, hatuchagui nani ahudhurie."

Nikamwambia mimi sihudhurii. Nilisema kwa sauti, mlango ukiwa wazi. Majirani walisikia, hakuna aliyeniunga mkono. Yule wa duka la vyombo alifunga dirisha lake, dirisha nililomwekea mimi.

Mabaki hakuna pa kuyatupa ambapo hawatayaokota. Nimeyaingiza ndani, yote, yapo chini ya kitanda chetu. Dada yako kaangalia akaniuliza kama nimepata wazimu, kisha akanishikia mshumaa niyapange vizuri. Tunayalalia. Ukijigeuza yanagongana.

Sikuombi kitu. Niambie tu kama kioo kimekaa.

Mkataji


Ijumaa, 28 Machi

Kaka,

Yeye hawezi kuandika, naandika mimi.

Walikuja Jumatano mchana, watu wakipita barabarani na mizigo yao. Hawakuwa wageni. Mmoja nilimkata kitovu kwa wembe wangu mwenyewe, mkunga alipochelewa. Walivunja vioo vilivyoegemea ukuta, kimoja baada ya kingine, bila haraka. Halafu wakaipindua meza. Yeye alikuwa ameishika, hakuiachia, ikamwangukia mkono wa kulia. Vidole vitatu vimesagika. Daktari kavifunga na kusema tusubiri, lakini alisema akiwa anaangalia pembeni.

Chini ya kitanda hawakuangalia. Labda hawakufikiria kwamba kuna mtu anaweza kulala juu ya vitu vile.

Kesho yake Katibu alikuja. Hakuwa nao siku ile, au alikuwa kona fulani, sijui. Mlango haupo lakini alifuta miguu pale unapokuwa mlango. Aliweka bandeji na chupa ya spiriti juu ya kiti, akasimama, akaokota kipande kimoja sakafuni, akakitafutia pa kukiweka, hakupapata, akaondoka nacho mkononi.  Nilitaka kumtemea mate na nilitaka kumpa kiti. Sikufanya lolote.

Madirisha ya mbele yote mawili hayapo. Nimetundika mashuka. Vimesalia vioo vizima viwili tu, vilivyokuwa nyuma ya kabati. Mume wangu amesema nikupelekee wewe. Dereva atavifunga ubavuni mwa boza, na amekubali hata bila kulalamikia blanketi. Nimekuwekea na kisu chake cha almasi. Nilimwambia atakihitaji, akaniambia mkono wa kukishika haupo.

Anakaa tu. Kila boza likipita anauliza kitu kimoja tu: kimekaa?

Mimi kila siku naosha vyombo nikiangalia upande wenu. Mwambie mtoto wangu naangalia.

Dada yako


Jumatano, 2 Aprili

Shemeji,

Kimekaa.

Nilikitia kwenye fremu mara ya kwanza bila kukisukuma. Kushoto tisini na mbili, kulia tisini na nusu, kimeingia kama kilizaliwa pale. Nilibaki nimekishika kwa viganja hata baada ya kupaka puti ya kukigandisha, kwa sababu sikuwa na haraka ya kwenda popote. Baba angekiangalia akasema, mnaona, ukuta hauna kasoro.

Bibi Maswali ameondoa mto usoni. Mwanga unaingia umetulia, unatawanyika ukutani vidoa vidoa. Alivitazama muda mrefu kwa lile jicho moja. Kisha akauliza nani amekikata. Nikamwambia, Bwana Shangazi. Akauliza, "Ni kioo kilekile?" Anasikia kila kitu kinachosemwa na watu wazima, tulisahau. Nikamwambia ndiyo, ni cha aina ileile, na aliyekikata ni yuleyule. Akafikiri. Akasema, "Basi hiki kimekaa mahali pake." Halafu akaomba chai. Ni mara yake ya kwanza kuomba kitu.

Pole ya mkono. Nimeandika neno hilo na naliona ni dogo, lakini sina kubwa zaidi. Sijakusamehe, shemeji, na sitaki kukudanganya. Sijui kusamehe kunaanzia upande gani. Najua tu kwamba nilipofika pale dada alipoandika kuhusu vidole vyako, niliweka karatasi chini nikaenda kusimama uani, na bega langu likauma. Ni bega lilelile la ngazi. Halikuwa limeuma tangu ile Jumanne.

Sasa nikwambie ya jana. Walikuja wa kwetu. Nao wana magunia. Wamesikia kwamba mimi ndiye ninayebadilisha madirisha yote yanayovunjika, kwa hiyo stoo yangu imejaa vioo vilivyovunjika. Mmoja wao ni mtoto wa kwanza wa mwokaji, bado amenyoa kichwa kwa msiba. Ndiye aliyezungumza. Akasema, "Wewe kuliko mtu yeyote una haki." Hakunitisha wala hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayekurudishia kitu chako ulichokisahau.

Nilitamani kuwapa. Lazima ujue hilo. Sikuwa na hasira, nilikuwa nimechoka tu, na kumpa mtu kitu anachokitaka ni rahisi kuliko kumnyima. Niliwaza juu ya foleni fulani ya mkate huko kwenu, nikaona haina sura ya mtu. Nilifika mpaka mlango wa stoo. Mkono ulikuwa kwenye komeo.

Bibi Maswali akauliza kutoka chumbani, kupitia dirisha lile lako, haonekani mtu, inasikika sauti tu. "Baba, wanavitaka vya nini?"

 Mimi nilimwangalia mtoto wa mwokaji, yeye aliangalia viatu vyake. Bibi Maswali hajui kuachia swali, akauliza tena, kwa adabu kabisa, safari hii akimwita yule kijana kaka. Watu wazima tumesimama uani na magunia matupu, na hakuna mwenye jibu linaloweza kusemwa mbele ya mtoto.

Nikamwambia kijana, "Hakuna." Akaniambia, "Vipo, naviona kwenye upenyo." Nikamwambia, "Vipo, na hakuna." Akanitazama kama nimemuua baba yake mara ya pili.  Nilimwambia duka lao halina kioo na mkate unaingia vumbi, nitakuja kupima.  Jana waliondoka. Watarudi, na sidhani kama watakuja kuuliza tena.

Mabaki ya stoo nimemaliza kuyahamisha leo asubuhi. Yote yapo chini ya kitanda changu. Ulisema kweli, ukijigeuza yanagongana. Bibi Maswali ameuliza kwa nini kitanda changu kinalia, nikamwambia kitanda cha Bwana Shangazi kinalia vilevile. Akacheka kidogo. Kidogo sana, mishono inamvuta.

Vioo viwili vimefika bila ufa. Kisu nimekipokea. Nimejaribu kukata kwenye kipande cha zamani, kikaenda upande kama ukuta wa Baba. Cha pili kimekuwa afadhali. Nainua kisu mapema mwishoni, sijui nimejifunza kwa nani.

Mkono wa kushoto unao. Mwambie dada akushikie ngazi, na wewe ushike tepu. Upime madirisha yenu yote mawili, unitumie vipimo na dereva wa boza. Usijipe ubingwa ukaanza kupunguza. Andika kipimo kamili, ukingo kwa ukingo. Nafasi nitapunguza mimi.

Shemeji yako,
Mkataji wa muda